Yai la Bogoria

Assalam aleikum, na hamjambo nyote. Ukumbi una joto na feni moja imegoma, kwa hivyo sitawaweka sana. Isitoshe, joto ndilo lililonileta hapa.

Waliowahi kufika Ziwa Bogoria, kule Baringo, wanaujua mchezo wa yai. Unalifunga kwenye kitambaa, unalitumbukiza kwenye chemchemi, unangoja, unamenya, unakula. Ute wa yai ni protini. Ikishika moto, mikunjo yake hufumuka, ikashikana ovyo na kuganda, na yai lililoiva halirudi kuwa bichi. Lakini shuka hatua chache tu, pale maji yangali yanaunguza mkono: kuna bakteria humo, wanakula na kuzaana. Nao wamejaa protini vilevile. Mbona hawaivi?

Mama zangu wasukao mikeka wataelewa upesi. Miyaa ni ileile, ila mkono mmoja unalegeza, mwingine unakaza. Protini za vijidudu hawa zimeundwa kwa asidi amino, yaani vijenzi vya protini, zilezile 20 za mwili wangu na wako, ila zimekazwa: kiini kimeshonana, vitanzi vya nje ni vifupi, na chaji chanya na hasi zimeshikana mahali pengi zaidi.

Mwaka 1966, katika mbuga ya Yellowstone huko Marekani, Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze walichukua sampuli kwenye chemchemi yenye joto la nyuzi 70 hivi. Bakteria waliyempata walimtangaza mwaka 1969 kwa jina Thermus aquaticus. Brock hakuwa akitafuta dawa wala pesa. Alitaka tu kujua nani anaishi mle. Mwaka 1976 Alice Chien na wenzake wakatoa ndani yake kimeng'enya, yaani protini ifanyayo kazi ya kikemia: hiki kinanakili DNA, na huitwa polimerasi.

Wakati huo hakuna aliyekishughulikia sana. Halafu mwaka 1983 Kary Mullis akabuni PCR, njia ya kuzidisha nakala za DNA: pasha DNA hadi joto la nyuzi 95 ili kamba zake mbili ziachane, poza, acha kimeng'enya kinakili, rudia. Taabu ni kwamba polimerasi iliyotumika mwanzoni, ya bakteria wa tumboni aitwaye E. coli, iliiva kila mzunguko, ikabidi kutia nyingine. Ni kama muuza viazi karai anayelazimika kununua karai jipya kila akikaanga fungu moja! Kimeng'enya cha chemchemi kikaja kumaliza udhia huo. Mizunguko 30, na kipande kimoja cha DNA kinaweza kuwa nakala bilioni moja. Ile PCR ya wakati wa korona, kijiti puani, ilitokana na kazi hii.

Sasa twende kwenye namna ya kuvitafuta vimeng'enya vya aina hii, maana hapo ndipo roho yangu ilipo. Zamani ilikuwa lazima umfuge bakteria maabarani, na wengi hawafugiki. Siku hizi unachota tope, unatoa DNA yote iliyomo, unaisoma, na ukiona jeni, yaani maagizo ya kuunda protini, inayokuvutia unaipandikiza ndani ya E. coli ili aitengeneze protini yake. Kisha unampasua na kuupika mchuzi wake kwa nyuzi 70 au zaidi. Protini za E. coli zinaganda kama lile yai. Ukiuzungusha mchuzi kwa kasi kwenye mashine, zinazama chini, na juu karibu kinabaki kile ulichokitafuta peke yake. Ni upishi, jamani.

Kuna aliyeuliza mapema: faida inakwenda kwa nani? Yellowstone haikupata hata senti kwa Thermus aquaticus. Hapa kwetu, mwaka 2004 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ilijitokeza kudai fungu lake katika vimeng'enya vilivyotokana na vijidudu vya maziwa yetu ya magadi, vilivyoingia kwenye sabuni na kupausha jinzi. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, makubaliano ya kimataifa kuhusu mali ya viumbe hai, ndiyo iliyoweka bayana kwamba mwenye mali aombwe kwanza na mapato yagawanywe. Kwangu mimi ilichelewa, lakini ipo.

Kwa hivyo vijana mtakaofuatana nami Bogoria, mayai nunueni njiani. Chupa za sampuli ninazo. Kibali tutakiomba kabla ya kuondoka.