Sauti Mahakamani: Mtaalamu Anasema Nini, na Hasemi Nini

Mabibi na mabwana, Juni 1979 polisi wa West Yorkshire, Uingereza, walipokea kanda yenye sauti ya mwanamume aliyejidai kuwa ndiye muuaji wa wanawake waliyekuwa wakimsaka. Stanley Ellis na Jack Windsor Lewis, wanafonetiki (wataalamu wa sauti za lugha) kutoka Leeds, waliichambua lafudhi yake, na Ellis akadiriki kutaja hata kitongoji, Castletown, katika mji wa Sunderland. Kuhusu mji hawakukosea: mwenye sauti ile, aliyenaswa mwaka 2005 kwa vinasaba vilivyobaki kwenye gundi ya bahasha, alikuwa wa Sunderland. Lakini hakuwa muuaji. Muuaji, Peter Sutcliffe, alizungumza kwa lafudhi ya Yorkshire, na kwa kuwa polisi walikuwa wakiwaweka kando washukiwa wasiofanana na ile kanda, aliponyoka akaua wanawake watatu zaidi kabla ya kukamatwa Januari 1981. Inaniuma kusema kwamba wanafonetiki hao walikuwa wameonya kuwa huenda kanda ile ni ya uongo.

Mwaka 1962 Lawrence Kersta, Mmarekani, alidai kuwa picha ya mawimbi ya sauti humtambulisha mtu kama alama ya kidole. Dai hilo halikusimama, kwa sababu kidole hakibadiliki, ilhali sauti ya mtu yuleyule hubadilika akiwa na mafua, hasira au usingizi.

Kwa hiyo mtaalamu makini anayelinganisha sauti kwa ajili ya mahakama husikiliza na kupima pia: kidatu (yaani sauti ni nzito au nyembamba kiasi gani), kasi ya usemi, namna ya kutamka irabu na konsonanti, hata mahali pa kuvuta pumzi. Kisha hujiuliza maswali mawili, la pili likiwa ndilo linalosahaulika: sauti hizi zinafanana kiasi gani, na je, sifa zinazofanana ni adimu au zimeenea katika jamii ya wasemaji hao? Kidatu cha hetsi 110, yaani mitetemo 110 kwa sekunde, wanacho wanaume wengi mno, hivyo hakina uzito; kithembe cha aina yake kina uzito zaidi.

Simu nayo huleta matatizo. Laini za kawaida za zamani hupitisha masafa ya hetsi 300 hadi 3400 tu, na mwangwi mkuu wa kwanza wa irabu i na u, yaani masafa ya chini kabisa ambayo kinywa na koo huyakuza irabu inapotamkwa, huwa karibu na mpaka huo wa chini, hivyo kipimo chake huonekana kimepanda kuliko hali halisi. Ukilinganisha mazungumzo ya simu na mahojiano yaliyorekodiwa kwa maikrofoni nzuri kituoni, unaweza kuona tofauti iliyotokana na laini, ukadhani imetokana na msemaji.