Kilicho Ndani ya Puto

(Mhadhara uliotolewa katika ukumbi wa mtaa, Eastlands, Nairobi)

Habari za mchana. Aliye karibu na lile dirisha la nyuma, naomba alifungue. Mtanishukuru baadaye.

Wengi wenu mmeshanisikia na mnajua nitasema nini: tukizungumza tabianchi tusitazame miti tu, tutazame na takataka zetu zinazooza. Nitakisema tena, kwa sababu juzi nilihudhuria mkutano mwingine wa tabianchi, ukaisha kama yote: mgeni wa heshima kapewa jembe, kapigwa picha na mche, kaingia garini, kaenda zake. Sina ugomvi na miti. Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na akina mama waliobeba miche, na bila ukaidi wake leo msitu wa Karura ungekuwa nyumba za watu. Swali langu ni moja: wali, kabeji na matikiti yaliyobaki kwenye meza za mkutano ule yalikwenda wapi? Yalikwenda Dandora, kwenye jaa la takataka za jiji.

Sasa tazameni chupa hii. Ni ya maji, lita tano. Wiki tatu zilizopita niliweka humu samadi mbichi ya ng'ombe kutoka kwa jirani, maganda ya ndizi na viazi, na majani ya kabeji niliyookota sokoni Marikiti, pale chini ya mikokoteni, mahali ambapo hakuna anayeuliza unaokota nini. Nikaongeza maji, nikavalisha mdomo puto la watoto, nikafunga kwa mpira hadi hewa isipite. Wiki ya kwanza puto lililala kama soksi iliyolowa. Mke wangu akaniambia chupa ikikaa jikoni siku moja zaidi, tutatoka wote wawili, mimi na chupa. Nikaihamishia juani. Wiki ya pili puto likaanza kuinua shingo. Leo mnaona wenyewe, limekuwa papai. Kwenye matatu makanga akaniuliza, "Mzee, umebeba nini?" Nikamwambia, "Dandora." Akanihamisha kiti cha nyuma, na nauli akachukua kamili.

Hakuna aliyepuliza hili puto. Vijidudu vilivyo kwenye samadi hula maganda pale pasipo na hewa, kisha hutoa methani iliyochanganyika na hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi. Hizi ni gesi joto: mwanga wa jua zinaupitisha, lakini joto linalorudi kutoka ardhini zinalikamata lisitoroke. Na methani haina rangi wala harufu. Uvundo mnaousikia ni wa gesi nyingine zinazoandamana nayo. Ndiyo maana nachoka kila mtu anaponionyesha moshi wa Dandora na kusema, "Ona tabianchi inavyoharibiwa." Moshi ule unaharibu vifua vya watu wa Korogocho, mtaa wa jirani, na hilo pekee lingetosha kuwatoa watu usingizini. Lakini kubwa liko chini ya miguu ya wale ndege, korongo wa jaani, ndani ya mlima wa vitu vinavyooza vikiwa vimeshindiliwa. Jaa hilo lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Malori yanaingia mpaka leo, na zaidi ya nusu ya takataka za jiji hili ni vitu vya kuoza. Yaani chupa hii, mara sijui ngapi, bila puto.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hewa ukaa ni mgeni asiyeshika jembe wala haondoki. Sehemu yake hubaki angani karne na karne. Kabla ya viwanda ilikuwa sehemu kama 280 katika kila milioni za hewa, sasa imepita 420. Methani hukaa miaka kumi na mbili hivi, lakini ni mgeni wa vurugu: ukihesabu kwa miaka 20, tani moja yake inatia joto kama tani 80 hivi za hewa ukaa. Kwa hiyo ukiizuia leo, wewe mwenyewe utaishi kuona nafuu. Ukiweza kunionyesha mche wenye haraka hiyo, nitaumwagilia mimi.

Najua kuna mtu pale anasema moyoni, "Kenya inatoa chini ya asilimia moja ya gesi za dunia, kwa nini tujisumbue?" Ni kweli, na deni la matajiri silipi mimi. Lakini kabeji ile ilitoka Kinangop, na mkulima wake sasa anatafuta pesa za mbolea. Mbolea yake tumeizika Dandora. Ukiyarundika maganda hayo mahali penye hewa, ukayageuzageuza, yanaoza kwa namna nyingine, methani inakuwa kidogo sana, na unapata mboji. Hapo nimemsaidia nani, Mmarekani?

Halafu ng'ombe. Huwa mnalingoja mcheke. Methani yake nyingi hutoka mdomoni, anapobeua, si huko mnakofikiria. Dawa yake ni malisho bora, ng'ombe wachache wenye maziwa mengi. Basi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Stima: mvuke wa ardhini wa Olkaria tangu 1981, upepo wa Turkana, mabwawa ya mto Tana, karibu sehemu tisa kwa kumi ya umeme wetu haichomi mafuta. Anayekwambia uzime taa uokoe dunia amenakili somo la nchi nyingine. Zima taa uokoe tokeni zako za umeme. Petroli ndiyo shida yetu: lita moja haifiki kilo, lakini ikiungua inatoa kilo 2.3 hivi za hewa ukaa, kwa sababu kaboni yake hujitwalia oksijeni hewani.

Nilitaka kutenganisha kupunguza gesi hizi na kuhimili madhara yake. Mtaro wa mafuriko Mukuru ni kuhimili. Ganda lisilofika Dandora ni kupunguza. Kwenye makaratasi, yote mawili huitwa "kukabiliana", na watu wanarudi nyumbani bila kujua wamepewa kazi gani. Siku nyingine.

Sasa tutoke uani, mbali na jiko la chai. Nimekuja na mrija na kiberiti. Methani hii tukiiwasha inageuka hewa ukaa na mvuke, na hiyo ni nafuu kuliko kuiachilia hivi hivi. Watoto wakae nyuma. Na aliyefungua dirisha, asilifunge bado.