Mgeni Anajua Panapouma

Ahsanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa niseme juu ya namna mwanafunzi wa sanaa anavyoweza kuwatumia wageni wa studio katika kuandaa maonyesho yake. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa nyuma, mwanafunzi wangu mmoja alikuwa anaandaa picha sita kubwa za rangi ya akriliki, kijani kilichokoza mpaka kukaribia weusi. Akaalika watu watatu, kila mmoja siku yake. Wote watatu, bila kusikilizana, walisema picha zimepauka. Mmoja akamshauri aongeze nyekundu. Akaongeza kwenye mbili, na hizo mbili zikaharibika, hazikutundikwa popote. Wiki iliyofuata aliingia studio usiku, akawasha taa ya pembeni, akakuta rangi zote zipo! Vanishi aliyopaka ilikuwa ya kung'aa, na ukuta ule ulitazamana na dirisha. Mchana kutwa sisi tulikuwa tunaangalia dirisha ndani ya picha.

Aliyemshauri nyekundu ni mimi.

Sasa angalieni: tuliposema kuna kitu hakiko sawa, hatukukosea. Tulikosea kwenye dawa. Mtu akikwambia tumbo linamuuma, msadiki. Akikutajia na dawa ya kumpa, hapo pima mwenyewe. Na wageni watatu wakishika mahali pamoja, hapo pana jambo, hata kama kila mmoja analieleza kivyake na wote wanalieleza vibaya.

Kwa hiyo mgeni akiingia, mwachie kimya. Dakika tano tu. Najua ulimi unawasha, unataka kumweleza ulianzia wapi na bibi yako alikwambia nini. Nyamaza. Siku ya maonyesho hutasimama kando ya kila picha. Tazama miguu yake: amesimama wapi kwanza, amerudi nyuma kwenye ipi, ipi ameipita kama anapita mlango wa jirani. Andika hayo kabla hajafungua mdomo, maana akishaanza kusema, adabu inaingia kati.

Kisha uliza, lakini si "umeonaje?" Swali hilo huzaa "nzuri, hongera", basi. Uliza kitu kimoja unachokitilia shaka kweli: macho yalianzia wapi, au kama hii ya tatu ikiondoka, zilizobaki zinapungukiwa na nini.

Yupo mtunzi wa dansi wa Marekani, Liz Lerman, ambaye tangu mwaka 1990 amejenga utaratibu wa hatua nne. Watazamaji huanza kwa kusema kilichowagusa. Kisha msanii anauliza. Kisha watazamaji nao wanauliza, bila kuficha hukumu ndani ya swali. Maoni huja mwisho, tena kwa ruhusa ya msanii. Hatua ya tatu ndiyo inayowatoa watu jasho. "Kwa nini umeibana hivi?" ni hukumu iliyovaa kanzu ya swali. Mimi sifuati hatua zote nne kila mara, huwa ndefu mno kwa mgeni mmoja, ila hiyo ya tatu siiachi.

Mgeni akichukia je? Mwaka 1907, huko Paris, mchoraji Picasso aliwaonyesha rafiki zake picha yake *Les Demoiselles d'Avignon* studioni kwake. Wengi walishtuka, mchoraji Matisse akiwamo, na picha haikuonyeshwa hadharani hadi 1916. Wanafunzi hupenda kujifariji kwa kisa hiki. Mimi namwangalia Braque, mchoraji mwenzao: naye ilimsumbua alipoiona, lakini haikupita miaka mingi akawa bega kwa bega na Picasso katika kazi iliyokuja kuitwa kubismu, ule uchoraji wa kuvunja vitu kuwa maumbo yenye pembe. Kwa hiyo aliyeondoka kwako amenuna, mwite tena.

Kuhusu wakati, alika mapema, kazi zikiwa nusu. Mgeni wa wiki ya mwisho hana cha kukusaidia zaidi ya kukunyima usingizi. Na wasiwe walimu watupu. Tafuta hata mmoja asiyejua sanaa.

Studio inadanganya pia. Ni finyu, mgeni anatazama picha kwa umbali wa mita moja, na ukumbini ataiona kwanza akiwa mita sita. Tengeneza kielelezo cha ukumbi kwa kadibodi, kipimo cha 1 kwa 20. Ukuta wa mita 10 unakuwa sentimita 50, unatosha juu ya meza. Kata vijipicha, mpe mgeni avipange mwenyewe. Yule mwanafunzi wangu alifanya hivyo na picha nne zilizobaki. Mgeni, bila kuulizwa, alizihamisha zote kutoka ukuta unaotazamana na madirisha, akaacha ukuta ule mtupu. Safari hii hatukugusa rangi. Tulibadilisha vanishi tu, tukaweka isiyong'aa.

Naona pale nyuma kuna mkono umeinuliwa tangu nilipotaja nyekundu. Karibu, uliza.