Mtu wa Yanga kwenye nusu fainali ya 2004

SIDE: Haya tumerudi wanangu, na leo dada Mwana kaniahidi nikimtaja mtu wa Yanga ananyamaza.

MWANA: Sijaahidi kitu mimi. Mi Simba damu, we anza tu.

SIDE: Msimu wa 2003/04, Ligi ya Mabingwa Ulaya. Watu wakiutaja wanakimbilia Mourinho, kocha wa Porto, zile mbio zake pale Old Trafford, basi. Mi leo nataka Monaco.

MWANA: Monaco ya Giuly na Morientes. Ile ilikuwa raha bwana.

SIDE: Sasa huyo Morientes alifikaje pale? Straika wao Shabani Nonda, ambaye msimu wa nyuma kapiga goli 26 akawa mfungaji bora Ufaransa, kaumia goti mwanzoni kabisa, Monaco wakaenda kuazima mtu Real Madrid, na Real wakawa bado wanamlipa sehemu ya mshahara. Nonda huyohuyo kazaliwa Bujumbura, kakipiga Yanga, Jangwani hapa, kabla ya Sauzi.

MWANA: Najua, mnatuimbia miaka yote.

SIDE: Robo fainali wanakutana na Real wenyewe! Bernabéu Real wanashinda 4-2, Morientes katupia, uwanja wa nyumbani kwao wakampigia makofi. Marudiano Raúl anatangulia, sisi kwenye kibanda umiza watu washaanza kuvaa ndala watoke, Giuly anasawazisha kabla ya mapumziko, Morientes anaweka kichwa, Giuly tena kwa kisigino. 3-1, jumla 5-5, na enzi zile jumla zikilingana anapita mwenye magoli mengi ya ugenini, basi likawatoa Zidane, Figo na Ronaldo.

MWANA: Yaani unamlipa mtu mshahara anakuja kukuua! Na usiku uliofuata Deportivo wakaipiga Milan 4-0 baada ya kula 4-1 San Siro.

SIDE: Wiki ya maajabu ile. Twende nusu fainali sasa, Chelsea wanakuja kwa Monaco. Prso kafunga, Crespo wa Chelsea karudisha, kipindi cha pili Zikos anakula nyekundu, Monaco wako 10. Ranieri, kocha wa Chelsea, badala ya kutulia na sare yake ya ugenini anaanza kubadilisha badilisha watu kama anacheza bao, Morientes anamwadhibu, halafu anaingia Nonda, hata jasho halijamtoka, dakika ya 83, wavuni! 3-1. Goli hilo ndilo lililoamua nusu fainali!

MWANA: Nikuulize kitu. Marudiano yaliisha 2-2, jumla 5-3. Toa goli la Nonda, 4-3, Monaco bado anapita. Sasa limeamua nini?

SIDE: Aaa, hizo hesabu za daftari. Chelsea walifika 2-0 pale kwao kabla ya Ibarra wa Monaco kufunga mwishoni mwa kipindi cha kwanza. Bila la Nonda, Chelsea anaongoza jumla kwa goli kamili, anakaa nyuma anapaki basi.

MWANA: Hata nalo likiwepo Chelsea alikuwa anapita, ni 3-3 na Crespo ana goli la ugenini!

SIDE: ...Sawa. Hapo umenipata.

MWANA: Ibarra ndio mwenye nusu fainali yako kaka. Na fainali Gelsenkirchen Giuly kaumia dakika ya 23, Nonda wako kaingia Porto wanaongoza moja, wakaongeza mbili.

SIDE: Lakini kaingia fainali! Nitajie wa Simba aliyekanyaga pale.

MWANA: Tuweke tangazo kwanza.