Namba na Sifuri Yake: Kusoma na Kuhifadhi Nafasi za Mihimili Ndani ya Makro

Ndugu mafundi, na ninyi vijana mnaojifunza kuandika programu za CNC (mashine za kukata zinazoongozwa na kompyuta), karibuni. Nitazungumzia zaidi vidhibiti vya Fanuc, kwa kuwa makro zake, yaani programu zenye vigeu na hesabu, zimeigwa na wengi, na nitaigusa LinuxCNC, ambayo ni ya bure na yeyote mwenye kompyuta anaweza kujifunzia.

Ninalotaka tulishike ni hili: namba ya nafasi haina maana mpaka ujue imehesabiwa kutoka sifuri ipi, na imesomwa wakati gani.

Tuchukue vigeu #5001, #5021 na #5041, yaani vyumba vya namba ambamo kidhibiti huweka nafasi za mihimili. Zote ni za mhimili wa kwanza, kwa kawaida X, na kwa dakika ileile zaweza kukupa namba tatu tofauti. #5001 ni mwisho wa mstari uliotangulia, kutoka sifuri ya kazi, bila ofseti (marekebisho ya vipimo) ya kifaa cha kukatia. #5021 ni mahali mhimili ulipo sasa, kutoka sifuri ya mashine. #5041 nayo ni mahali ulipo sasa, ila kutoka sifuri ya kazi, na ofseti imo. Ukihifadhi #5021 kisha ukairudia kwa G90 (nafasi zinazohesabiwa kutoka sifuri) chini ya G54 (sifuri ya kazi), umemtuma mhimili mahali pengine kabisa.

Sasa wakati. Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kidhibiti husoma mistari ya mbele wakati mihimili ingali inatembea. Mstari kama #500=#5041 hauna mwendo ndani yake, basi kidhibiti huutekeleza mara kinapoufikia, meza ikiwa bado njiani. Namba iliyoingia #500 si ya pale ulipokusudia, na hakuna alamu itakayolia. Tena ukijaribu programu mstari kwa mstari, kila kitu kinaonekana safi, kwa sababu mashine inasimama kila mara. Ukiiachia ikimbie ndipo vipande vinapoharibika, na fundi anaanza kulaumu skrubu za mhimili. Dawa yake ni kuweka mstari wenye G53 (amri ya sifuri ya mashine) peke yake kabla ya kusoma, au kutumia amri ya M iliyowekwa kwenye parameta (mpangilio wa kidhibiti) 3411 na zinazofuata, ambazo kazi yake ni kuzuia kusoma mbele.

Tuangalie mfano. Kipande kimebanwa kwenye jiliwa, na tunatafuta ukingo wake wa kushoto kwa probu (kifaa cha kupima kwa kugusa) yenye kitufe cha kipenyo cha milimita 6:

G90 G31 X10. F100
IF [#5061 GT 9.99] THEN #3000=1(HAIKUGUSA)
#500=#5061+3.
#5221=#5221+#500

G31 hutembeza mhimili mpaka ishara ya mguso ije, na nafasi ya mguso hubaki ndani ya #5061. Probu ikigusa kwenye X-3.012, tunaongeza nusu kipenyo na kupata ukingo kwenye -0.012, na mstari wa mwisho unaisogeza sifuri ya G54 kwa kiasi hicho, kwani #5221 ndiyo inayobeba X ya G54.

Angalieni sana mstari wa pili: #5061 ikizidi (GT) 9.99, #3000 inasimamisha mashine kwa alamu. Probu isipogusa kitu, #5061 hubeba mwisho wa mwendo, yaani 10. Ni namba nzuri, ya kuaminika kwa macho, na ni ya uongo. Bila ukaguzi ule sifuri yako inahama milimita 13, na kisu kinachofuata kitaingia kwenye jiliwa. Ninawasihi: msiandike G31 bila ukaguzi wake. LinuxCNC imerahisisha jambo hili, kwani baada ya G38.3, amri yake ya kugusa kwa probu, unauliza #5070: 1 imegusa, 0 haikugusa.

Mwendo wa probu nao uwe wa polepole. Kwa F1000, yaani milimita 1000 kwa dakika, ishara ikichelewa milisekunde 1 tu, mhimili umeshatembea karibu milimita 0.017. Kwa F100 ni 0.0017.

Kuhusu kuhifadhi: vigeu #100 hadi #199 kwa kawaida hufutika mashine ikizimwa; vya #500 na kuendelea hubaki. Umeme ukikatika katikati ya kazi, tofauti hiyo utaiona. Na kigeu kilichofutika si sifuri, ni kitupu. Ukiandika G00 X#100 nacho ni kitupu, X inapuuzwa, mhimili hauendi popote. Ukikijumlisha, kinahesabiwa kama 0. Kwa hiyo kabla ya kukitumia uliza kwanza kama ni sawa (EQ) na #0, ambacho ni kitupu daima: IF [#100 EQ #0], na kikiwa kitupu simamisha programu.

Wa LinuxCNC, nafasi ya sasa ya X mtaikuta #5420. Kumbukeni pia kwamba thamani mpya haitumiki ndani ya mstari uleule ilipowekwa: #3=15 G1 X#3, kama #3 ilikuwa 6, mhimili unakwenda 6.

Swali ninaloulizwa sana ni la kurudi baada ya kubadilisha kisu kilichovunjika. Hifadhini #5021, #5022 na #5023 kwenye #510 hadi #512, mashine ikiwa imesimama. Wakati wa kurudi, G53 Z0 kwanza, kisha G53 X#510 Y#511. Z msiirudishe kwa #512 kama kisu kipya kina urefu tofauti; iteni G43 (amri ya ofseti ya urefu wa kisu) yenye ofseti mpya, mshuke kwa sifuri ya kazi.