Mgao wa Mtumbwi na Pengo la Kipato Ziwani

Wazee wangu, shikamooni. Vijana wa mialo ya Kirumba, Igombe na Kayenze hapa Mwanza, karibuni tukae.

Pengo la kipato likitajwa, wengi wetu hufikiria kodi au mikopo ya halmashauri. Leo nataka tulitazame kule linakozaliwa, pale fedha ya samaki inapogawanywa kabla haijafika nyumbani kwa mtu yeyote.

Tuchukue mtumbwi wa dagaa wenye wavuvi 4. Tarakimu ni za mfano, ila utaratibu mnaujua. Usiku mzuri dagaa wameuzwa shilingi 600,000. Kwanza zinatoka gharama za petroli, taa na chakula, tuseme 180,000. Zinabaki 420,000. Nusu, yaani 210,000, ni ya tajiri mwenye mtumbwi, mashine na nyavu. Nusu nyingine wanagawana wavuvi, kila mmoja 52,500. Hapo hakuna anayenung'unika. Njoo sasa usiku mbaya. Mauzo 200,000, gharama zilezile 180,000, maana petroli inaungua dagaa wawepo wasiwepo. Zinabaki 20,000. Tajiri 10,000, mvuvi 2,500. Mauzo yasipofikia gharama, upungufu unaandikwa deni na kukatwa safari inayofuata. Mbalamwezi ikitoka taa hazivuti dagaa, kazi inasimama, deni linasubiri.

Angalieni hasara inamwangukia nani. Gharama hurudi kwanza, kila usiku. Mvuvi hulipwa kwa kilichosalia. Mwenye mitumbwi 5 hufidia usiku mbaya wa huu kwa usiku mzuri wa ule. Mvuvi ana mtumbwi mmoja tu wa kupanda.

Linganisheni na kima cha chini cha mshahara. Amri ya Mshahara ya mwaka 2022, iliyotumika kuanzia Januari 1, 2023 hadi mwisho wa 2025, iliweka 150,000 kwa mwezi upande wa biashara na viwanda. Naitumia kama kipimo tu. Saa 45 za wiki mara wiki 4.333 ni saa 195 kwa mwezi, kwa hiyo saa moja ni kama shilingi 769. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi huongezwa asilimia 5. Kazi ya usiku mmoja yenye urefu wa saa 9 inafika 7,269. Ile 2,500 ya mvuvi ni kama theluthi yake.

Na kima chenyewe kikilala, kinaliwa na bei. Amri iliyotangulia ilikuwa ya 2013. Ikapita miaka 9 na nusu. Kima cha kilimo kilitoka 100,000 hadi 140,000. Bei zikipanda asilimia 4 tu kwa mwaka, katika muda huo laki moja inahitaji kuwa kama 145,000 ili inunue vilevile. Nyongeza ya namna hiyo haijamwinua mtu. Kwangu mimi, kima kinachopitiwa kila baada ya miaka 2 au 3 ni bora kuliko kikubwa kinachosahaulika.

Mtaniambia mvuvi hana mwajiri, ni mbia. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa ikithibitika hata hoja moja kati ya kadhaa: anapangiwa namna au saa za kazi, anapewa vifaa, anamtegemea huyo mmoja kwa kipato. Mtumbwi wa nani? Nani anaamua kuingia majini? Tajiri anayo nafasi ya kupinga, ila mzigo wa kuthibitisha ni wake.

Kwenye viwanda vya minofu ya samaki tatizo lina sura nyingine. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinawanyima ulinzi wa kuachishwa isivyo haki walio chini ya miezi 6, kwa hiyo mwajiri mjanja humpumzisha kibarua anapotimiza miezi 5 kazini. Ila kifungu hichohicho kinahesabu muda kwa mwajiri yuleyule, uwe kwa mkataba mmoja au zaidi. Kumbadilishia karatasi za mkataba kila miezi 3 hakufuti muda wake.

Sasa mgao urekebishweje? Mauzo yakigawanywa nusu kwa nusu na gharama zote zikiwa za tajiri, usiku ule mbaya anatoa 100,000 kwa wavuvi na kubaki na hasara ya 80,000. Hatakubali, na sitamlaumu. Napendekeza kila mvuvi atengewe 7,000 kwanza, kisha gharama, kisha mgao. Usiku mbaya zinatoka 28,000, na kwenye gharama zinakosekana 8,000. Hizo 8,000 zikatwe kwenye mauzo ya usiku mzuri kabla ya kugawana, bila kugusa zile 7,000 za kila mvuvi. Kwa siku hizo mbili mvuvi anapata 62,000 badala ya 55,000, tajiri 192,000 badala ya 220,000. Ni 28,000 tu zimehama, lakini mvuvi harudi nyumbani na 2,500.

Mkidhulumiwa, nendeni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, mjaze Fomu namba 1: ndani ya siku 30 kwa kuachishwa kazi, ndani ya siku 60 kwa madai mengine. Wengi huchelewa kwa kusubiri ahadi za mdomo. Tena huenda mikono mitupu. Kila asubuhi andikeni kwenye daftari tarehe, jina la mtumbwi, ndoo ngapi, bei ya ndoo, kilichokatwa na mlichogawana, na wawili wenu mtie sahihi palepale mwaloni.