Gari Lako Ni Nusu ya Antena

Mashindano ya redio ya ridhaa, yale ya kuwasiliana na vituo vingi kadiri uwezavyo, nyote mnayajua, sitapoteza muda kuyaeleza. Nimekuja kwa ajili yenu mnaorusha kutoka ndani ya gari, kwa jambo lile lile ambalo wengine mmeshanisikia nikililalamikia: SWR, yaani kipimo cha jinsi antena inavyolingana na redio, ambapo 1:1 ni kulingana kikamilifu.

Kila nikimaliza kuzungumza, hakosi mtu wa kunijia na picha kwenye simu. "Mzee, antena ya gari langu inasoma 1:1." Anangoja nimpongeze. Namuuliza: kwenye bendi ya mita 40, yaani mawimbi yenye urefu wa kama mita 40? Akisema ndiyo, namhurumia.

Tupige hesabu. Bendi hiyo iko kwenye megahezi 7, na antena kamili ya gari ingekuwa robo ya wimbi, kama mita 10. Hakuna anayeingia barabarani na fimbo ya urefu huo, kwa hiyo unafunga ya mita 2 na nusu yenye koili katikati. Ukinzani wake wa mnururisho, yaani ule unaopeleka mawimbi hewani, ni ohm 2 hivi. Koili nayo inakula chake, tuseme ohm 8. Redio inataka kuona ohm 50, na sasa mita ya SWR inakuonyesha 50 kamili, yaani 1:1. Zile 40 zilizobaki ziko wapi? Ziko kwenye bodi ya gari, ambayo ndiyo nusu ya pili ya antena, kwenye bawaba zenye kutu, kwenye udongo chini ya matairi. Katika wati 100 zako, zinazoruka ni 4. Hizo 96 unapashia moto koili na ardhi.

Mwenzako kahangaika mpaka ile 40 ikashuka hadi 10. Jumla yake ohm 20, SWR inasoma 2.5, na mkimwona mnamcheka. Yeye anarusha wati 10. Amekupita kwa desibeli 4, yaani nguvu mara mbili na nusu, na kwenye mashindano watu hununua mitambo mizima kutafuta desibeli 4.

Najua mnachotaka kusema: redio ikiona 2.5 inajipunguzia nguvu. Kweli kabisa. Ndiyo maana anaweka koili ndogo pale kwenye kitako cha antena, kutoka waya wa kati kwenda kwenye bodi, na mita inatulia. Huyo amelinganisha baada ya kupunguza hasara. Wewe umeiachia hasara ikulinganishie. Hata dami lodi, kile kifaa cha majaribio kinachogeuza nguvu yote kuwa joto, inasoma 1:1, mbona hamuifungi juu ya paa?

Kazi yenyewe ni ya mikono. Boneti imeshikwa na bawaba mbili zilizojaa rangi na grisi. Kwa macho ni gari moja, kwa redio ni kipande kinachoelea. Fungua bolti, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, tia washa yenye meno, funga utepe mpana wa shaba iliyosukwa, mfupi kadiri inavyowezekana, kisha paka grisi juu kutu isirudi. Fanya hivyo kwenye boneti, milango, buti na fremu. Na ekzosi! Imening'inia kwenye raba, imetokea injini, inazitangaza kelele za injini barabara nzima. Ifunge kwenye bodi kila inapowezekana.

Kuna wa antena ya kubandika kwa sumaku, namwona anainua mkono. Kwenye VHF, yale mawimbi mafupi zaidi, endelea tu. Kwenye mita 40 sumaku inashika paa kweli, ila kiumeme rangi imekaa katikati na unabaki na kapasita ndogo. Toboa bodi. Gari ni lako.

Umeme, haraka haraka. Redio ya wati 100 inavuta kama ampea 20. Waya wa milimita mraba 2.5, mita 5 kwenda na 5 kurudi, unameza volti 1.4. Injini ikiwa imezimwa betri ina 12.5 hivi, redio inapata 11.1, na nyingi zinataka isishuke chini ya 11.7. Sauti inakwaruza, halafu unalaumu maikrofoni. Weka waya wa milimita mraba 10, moja kwa moja kutoka betri, na fyuzi iwe karibu na betri, si karibu na redio.

Kelele kwenye redio: anza kwa kuchomoa chaja ya simu. Mara nyingi mkosaji ni huyo.

Mwenyekiti ananionyesha saa, basi mpangilio wa vifaa ndani ya gari nauruka. Ila kompyuta isikae mbele ya eabegi, na dereva asishike maikrofoni wala logi, yaani orodha ya mawasiliano. Pimeni urefu kutoka barabarani hadi ncha ya antena, muubandike mbele ya dereva, si mbele ya opereta wa redio. Wa kuliona daraja kwanza ni dereva. Haya, maswali.